Barua ya Wazi kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Manispaa ya Kigoma/Ujiji

YAH: WANAOOMBA NAULI STESHENI

Ndugu Afisa, husika na kichwa cha habari hapo juu. Nauza chai na chapati nje ya stesheni ya Kigoma, na nakuandikia kwa sababu ya kijana mmoja niliyemnyima.

Alinijia asubuhi na begi dogo begani. Akasema ameibiwa ndani ya treni, hela na simu, anaomba nauli ya kumrudisha Kaliua kwa mama yake. Nikamjibu, "Mdogo wangu, maneno hayo nimeyasikia sana." Na kweli nilikuwa nimeyasikia. Wiki ileile nilimpa mtu mzima shilingi 2,000 za kujazia nauli ya Tabora. Siku ya tatu namkuta sokoni Mwanga anamsimulia mama mwingine kisa kilekile, ila sasa anakwenda Uvinza.

Jioni nafunga vyombo, kijana bado yuko pale ukutani. Amevua kiatu kimoja, soksi imegandia kwenye kidonda cha kisigino. Abiria wamekwisha, hakuna wa kumwomba, naye hana pa kwenda. Nilimpa chai na chapati mbili zilizobaki. Asubuhi sikumkuta, na mpaka leo roho inaniuma.

Hapa ni mwisho wa reli tangu 1914. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na treni haiji kila siku. Ukiishiwa hapa umekwama kwelikweli, mbele yako ni ziwa. Mtu wa namna hiyo ndiye anayedhulumiwa na tapeli wa nauli kuliko mimi niliyetoa 2,000.

Najua Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 176, inahesabu kuomba hadharani kuwa kosa. Nakusihi tusianzie hapo. Kamatakamata itamzoa na bibi asiyeona anayepita madukani kila Ijumaa akishikwa mkono na mjukuu, ambaye wenye maduka wanamwekea sarafu tangu Alhamisi. Yule hamdanganyi mtu. Shida yake inaonekana, na anayempa anajua anampa nani.

Ombi langu ni meza moja siku za treni. Akae mtu wa ofisi yako au mtendaji wa mtaa, amsikilize aliyekwama, apige simu kwao, aandike jina kwenye daftari, ampe karatasi yenye muhuri. Nauli tutachanga sisi wafanyabiashara wa hapa. Mimi naanza na shilingi 5,000 kila mwezi. Mwenye karatasi tutamsaidia, asiye nayo tutamwelekeza mezani. Aliyeibiwa kweli atakwenda mbio.

Meza hiyo ipokee na watoto. Yupo mmoja wa miaka kama minane anayeomba abiria huku mwanamume amesimama mbali akimwangalia, na hela zote zinaishia kwa huyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto anayeombaomba kuwa anahitaji ulinzi, na simu ya 116 ya msaada kwa watoto ni bure, lakini abiria mwenye mizigo hana muda wa kusimama apige.

Siku ya treni nipo chini ya mwembe, kushoto ukitoka getini. Karibu ukae nami asubuhi moja, uwasikilize mwenyewe.

Wako,
Mama lishe, stesheni ya Kigoma