Moyo wa farasi ukiruka pigo, usikimbilie sindano

Mwezi wa kumi mwaka jana simu iliita hata duka hatujafungua. Mteja wa upande wa Veyula, hapa Dodoma, sauti ya mtu aliyekesha.

"Daktari, farasi wangu moyo unasimama."

Nikamuuliza farasi mwenyewe anafanya nini. "Anakula majani. Moyo ndio unasimama, halafu unarudi."

Nikamwambia amwache ale, tunakuja.

Tulipofika tukaelezwa kwamba jana yake alipita mtu mwingine akamsikiliza, akatikisa kichwa, akasema moyo umechoka: zinahitajika sindano tano, la sivyo auzwe kabla hajamfia mwenyewe zizini. Farasi ni jike, analetewa watoto wampande siku za sherehe, na maharusi hupiga naye picha. Nikaweka stetoskopu nyuma ya kiwiko cha kushoto. Du-dup. Du-dup. Du-dup. Kimya. Kimya ambacho kwa binadamu kingekufanya uite majirani. Halafu du-dup, kana kwamba hakuna lililotokea.

Nikahesabu dakika nzima: mapigo 32, na mara tatu pigo limerukwa. Nikamwomba mwenye farasi amfunge kamba ndefu amkimbize mduara dakika mbili. Aliniangalia kama nimemtukana. "Daktari, si ataanguka?" Hakuanguka. Nilipoweka sikio tena, moyo ulikuwa unakwenda kwa kasi, sawasawa kama mashine ya kusaga, hakuna pigo lililopotea. Tukanywa chai. Alipotulia kabisa, kile kimya kikarudi. Sindano hazikuchomwa, na mpaka leo watoto wanampanda.

Nimeandika haya kwa sababu simu za namna hii si moja wala mbili, na mwenye mnyama anastahili kujua kinachoendelea kabla hajatoa hela.

Moyo unajiwasha wenyewe. Juu, upande wa kulia, kuna kifundo kidogo cha seli kinachotoa cheche ya umeme. Cheche inasambaa vyumba vya juu, inafika katikati kwenye kitu kama geti, inacheleweshwa kidogo ili damu imalizike kumiminwa, kisha inaruhusiwa kushuka vyumba vya chini. Kutoka kichwani inakuja neva ndefu iitwayo vagasi, na hiyo ndiyo breki: inapunguza kasi ya kifundo, inabana geti. Kwa farasi aliyepumzika breki hiyo imekanyagwa hasa. Mapigo ni 28 hadi 44 kwa dakika, na mara nyingine geti linafungwa kwa pigo zima. Juu cheche imetoka, chini haikufika. Kwenye ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, unaona kijilima kidogo peke yake, bila ule mchoro mrefu unaopaswa kukifuata. Ni jambo la kawaida kabisa kwa farasi wenye afya, na farasi mwenye mazoezi mazuri hana kinga nalo.

Akianza kutembea, mwili unaachia breki kwanza. Akizidi kukimbia ndipo adrenalini, homoni ya kuuamsha mwili, inaongezwa, na akifika mwisho wa nguvu zake anagonga mapigo 220 hadi 240 kwa dakika. Binadamu kijana anatoka kama 70 akafika karibu 200, yaani hafikishi hata mara tatu. Farasi anazidisha mara saba.

Hapo ndipo penye maajabu, na kwangu mimi ni patamu kuliko yote. Vyumba vya chini vikishawashwa, lazima vijichaji upya kabla ya cheche nyingine. Kwa farasi aliyesimama zizini kazi hiyo inachukua karibu nusu sekunde. Sasa kwa mapigo 240, kati ya pigo na pigo ipo robo sekunde tu. Kama moyo ungeshikilia mwendo wake wa zizini, pigo la pili lingelikuta la kwanza njiani. Kinachomwokoa ni milango midogo kwenye ukuta wa seli inayotoa potasiamu, moja ya chumvi za mwili, nje. Adrenalini inaifanya ipitishe zaidi, seli inajichaji haraka, na nusu sekunde inakunjwa mpaka inaenea kwenye nafasi iliyopo. Moyo unafanya hivyo pigo kwa pigo, bila kuambiwa na mtu.

Ndiyo maana tunawasumbua wateja kuhusu chumvi. Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko la binadamu, na ndani yake inatoka potasiamu. Kwa jua la Dodoma mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, farasi aliyefanya kazi asubuhi nzima anatoka na mistari myeupe shingoni. Ukimwona ubavu unaruka kama mwenye kwikwi, na kila mruko unafuata pigo la moyo, simamisha kazi utupigie. Neva inayoendesha msuli wa kupumulia inapita jirani kabisa na moyo. Kalsiamu na chumvi nyingine zikivurugika, neva hiyo inaanza kushtuliwa na umeme wa moyo.

Ugonjwa wa kweli wa mapigo upo pia. Ule tunaouogopa zaidi ni wa vyumba vya juu kutetemeka badala ya kukaza. Farasi yuko kwenye hatari hiyo kwa sababu moyo wake ni mkubwa, karibu asilimia moja ya uzito wa mwili, na breki ya vagasi ni kali. Sikioni unasikia mapigo yasiyo na mpangilio wowote, mara haraka, mara taratibu, na ukimkimbiza fujo haiondoki. Mwenye farasi kwa kawaida anasema tu kwamba "siku hizi anachoka mapema". Huyo hatumtibu barazani. Tunachapa mchoro wake na kuwashauri wenyewe wawasiliane na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Nikiri kosa letu moja. Kifaa cha kwanza cha ECG tulichonunua kilikuwa cha binadamu, cha kuunganisha na simu. Siku ya kwanza kikasoma mapigo 80 kwa farasi ambaye sikio langu lilisema 40. Tulishtuka, kumbe kwa farasi lile wimbi la kujichaji ni kubwa, na programu ilikuwa inalihesabu kama pigo jingine. Tangu siku hiyo hakuna namba ya mashine tunayoiandika kabla ya kuhesabu kwa sikio. Kingine: akija mtu na mchoro wa ECG akakuambia farasi wako moyo umevimba, muulize amejuaje. Nyaya za umeme za moyo wa farasi zinapenya ndani kabisa ya ukuta wa vyumba vya chini, ukuta wote unawaka karibu kwa pamoja, kwa hiyo mchoro hausemi ukubwa. Ukubwa unaonekana kwa ultrasound.

Na punda? Farasi Dodoma ni wa kuhesabu, punda ndio wateja wetu wakubwa. Mzee mmoja wa Nala, baada ya "mbukwa" na habari za nyumbani, aliniuliza kama kipimo hiki ni cha farasi wa matajiri tu. Mzee wangu, punda wako anavuta madumu kumi ya lita ishirini, hizo ni kilo 200 za maji kabla hujaweka mkokoteni wenyewe. Yeye ndiye mwanariadha. Na tangu biashara ya ngozi ilipopunguza punda, hadi Umoja wa Afrika ukaipiga marufuku Februari 2024, kumpata mwingine si rahisi. Punda aliyepumzika ana mapigo 36 hadi 52. Tatizo lake anavumilia mno. Farasi atakuonyesha anaumwa, punda anasimama tu. Mpapase mshipa chini ya taya, asubuhi kabla ya kazi, siku tatu mfululizo, uandike namba. Tukija, namba hiyo ni mali kuliko kifaa chetu.

Huduma yetu yenyewe ya kupima moyo kwa ECG haina mambo mengi. Tunalowesha manyoya kwa spiriti, tunabana klipu moja shingoni kulia, nyingine nyuma ya kiwiko cha kushoto, ya tatu pembeni. Tunapima amesimama, tunampa kazi aliyoizoea, tunapima tena akiwa anapoa, maana dakika za kwanza za kupoa ndizo zinazosema mengi. Kwenye mashindano ya farasi ya masafa marefu hawaruhusiwi kuendelea mpaka moyo ushuke hadi mapigo 64 ndani ya muda uliopangwa, na sisi tunaangalia vivyo hivyo jinsi unavyoshuka. Bei inategemea umbali; Kongwa na Bahi tunafika, mkiwa na wanyama kadhaa mnachangiana nauli.

Tunaomba mnyama asifanye kazi asubuhi ya siku ya kipimo, na mbwa wa nyumbani afungwe. Farasi aliyeshtushwa na mbwa moyo wake unaweza kupita mapigo mia bila kupiga hatua, na itabidi tukae tena kusubiri chai nyingine.