Salamu za Krismasi kwa walio lindoni

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Krismasi.

Salamu zangu zimechelewa mwaka huu. Juzi nilikaa kutwa nzima nikisoma habari za askari wa Marekani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vile vya 1861 hadi 1865, nikaja kushtuka giza limeshaingia. Mnaonifahamu mnajua kwamba mimi mwenyewe nimekula Krismasi nne lindoni. Kwa hiyo nikisoma mambo ya vita, majenerali nawapita haraka haraka. Ninayemtafuta ni yule kuruta aliyepangiwa zamu ya usiku wa manane.

Nimewakuta wengi kando ya mto Rappahannock, Virginia, Desemba ya 1862. Tarehe 13 jeshi la Kaskazini, yaani la serikali ya Lincoln, lilijaribu kupanda vilima vilivyo nyuma ya mji wa Fredericksburg, vilivyoshikwa na Kusini, yaani majimbo yaliyoasi. Lilirudishwa, likapanda tena, likarudishwa tena. Ukihesabu waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, Kaskazini walipoteza watu wapatao 12,600, na Kusini wapatao 5,300. Siku 12 baadaye ikawa Krismasi, na majeshi yote mawili yalikuwa bado pale pale, yakitazamana, mto katikati.

Askari walijijengea vibanda vya magogo, paa la turubai la hema, bomba la moshi la vijiti na udongo, na juu yake wakapachika pipa tupu. Pipa hilo lilikuwa likishika moto kila mara, watu wakatoka mbio usiku na soksi. Chakula kilikuwa nyama ya nguruwe ya chumvi na biskuti za unga na maji, ngumu mno, ukiuma hovyo unaacha jino. Zikikaa sana ghalani ziliingia wadudu, na wenyewe wakaziita kasri la funza. Mzoefu hakuhangaika. Alisaga buni kwa kitako cha bunduki, akachemsha kahawa, akaichovya biskuti ndani, akasubiri wadudu waelee, akawaengua kwa kijiko, kisha akanywa. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu. Anayeweza kufanya hivyo siku ya Krismasi huku anawaza meza ya kwao simwiti shujaa, namwita mtu aliyechoka.

Upande wa pili wa mto kahawa haikuwapo, kwa kuwa manowari za Kaskazini zilikuwa zimeziba bandari za Kusini. Kilichokuwapo ni tumbaku. Basi vijana wakachonga vijimashua vya mbao, wakavitia tanga, wakapakia kahawa na kuvisukuma ng'ambo; vikarudi na tumbaku. Maofisa walikataza. Biashara ikaendelea. Wiki chache kabla walikuwa wanauana, na ukifika msimu wa kupigana wangeuana tena, ila mashua ya mwenzako haiibiwi.

Kuhusu kukumbuka nyumbani, hili ndilo lililonishika zaidi. Madaktari wa jeshi la Kaskazini waliuandika kwenye madaftari yao kama ugonjwa kamili, wakauita nostaljia, na wakaandikisha wagonjwa zaidi ya 5,000. Makumi kati yao waliandikwa kuwa wamekufa kwa ugonjwa huo. Mgonjwa hali, halali, anakonda, ukimsemesha anakutazama kama hakuoni. Kuna madaktari walioona dawa ni kumpa ruhusa aende kwao. Wengine walisema apewe kazi nyingi, hata achekwe kidogo, ataacha. Sajini wangu mmoja alikuwa wa kundi hili la pili. Kwake yote hayo yaliitwa kudeka. Laiti ningeyajua haya enzi zile, ningemwambia kwamba kuna daftari lililoandika vingine. Au pengine nisingemwambia, maana zamu za choo zilikuwa mkononi mwake.

Usiku wa 30 Desemba mwaka huo huo, karibu na Murfreesboro, Tennessee, majeshi mengine mawili yalilala karibu karibu yakingoja kukuche yapigane. Bendi zao zikaanza kushindana, hawa wimbo wao, wale wimbo wao. Kisha bendi moja ikaanzisha wimbo uliopendwa pande zote mbili, unaosema hakuna mahali kama nyumbani. Bendi ya pili ikadakia, na maelfu ya wanaume wakaimba pamoja gizani. Asubuhi wakaanza. Hadi 2 Januari watu zaidi ya 23,000 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au wametekwa.

Lakini siku hizo hizo walikuwapo ambao wimbo ule haukuwahusu. Usiku wa 31 Desemba watu weusi, watumwa na walio huru, walikesha makanisani na majumbani wakiingojea 1 Januari 1863, siku ambayo Rais Lincoln aliahidi kutangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Tangazo hilo lilifungua pia mlango wa jeshi, na hadi vita vinaisha watu weusi wapatao 180,000 walikuwa wamevaa sare ya Kaskazini. Mwanzoni walilipwa dola 10 kwa mwezi na kukatwa 3 za nguo, wakati askari mweupe alipata 13 bila makato hayo. Sheria ya kuwalinganisha ilipitishwa Juni 1864. Wengi wao nyumbani walikotoka ndiko walikofungwa, na mama au mtoto alikuwa bado huko. Mtu wa namna hiyo akikumbuka nyumbani, anakumbuka nini? Sura ya mtu, nadhani. Mahali hapana.

Picha moja ya msimu ule ilichorwa na Thomas Nast, ikatoka katika gazeti la Harper's Weekly la 3 Januari 1863. Upande mmoja mke amepiga magoti dirishani, nyuma yake watoto wamelala. Upande wa pili mume ameketi na bunduki karibu na moto, anatazama picha ndogo za familia yake. Mimi sikuwa na picha. Nilikuwa na barua iliyokatika kwenye mikunjo kwa kufunguliwa sana.

Basi salamu hizi ni za wote, ila kwanza ziwafikie walio zamu leo: askari, walinzi, wauguzi wa usiku, mabaharia, na waliokimbia vita ambao nyumbani kwao hapaendeki. Heri ya Krismasi na mwaka mpya wenye amani. Enzi zangu za lindoni mama alikuwa ananipakulia kama niliyepo, anaifunika sahani, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa hadi kesho yake. Mwaka huu kwangu kuna sahani mbili zimefunikwa. Wenyewe wanajijua.