Njoo Jinja na fidla yako

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Jinja. Wa nyumbani wote hatujambo, mvua zimeshika kasi, na ziwa linaonekana kijivu toka asubuhi. Barua yako imenifikia, na habari za mama zimenituliza moyo. Mungu azidi kumpa nafuu. Umelalamika kwamba kila ukinipigia Jumamosi alasiri simu haipatikani, na una haki ya kununa. Nipo maktaba, shoga, na mlangoni pale simu zote huzimwa. Kwa miezi hii tuna msimu wa matamasha ya muziki wa klasiki na jazi, na mimi nimo kwenye kamati, kwa hiyo sikosi.

Maktaba yenyewe ni ile ya umma, ambayo watoto wa shule hujisomea kwa ajili ya mitihani na wazee hufuata magazeti. Jumamosi moja ni klasiki, nyingine jazi, na hakuna kiingilio. Wanamuziki wengi hutoka Kampala, kilomita zipatazo 80, wakipita msitu wa Mabira ndani ya taksi, selo, ile fidla kubwa ya kupigwa mtu amekaa, ikiwa imelipiwa nauli ya kiti chake. Sisi wa kamati husukuma rafu za vitabu ukutani, tukapanga benchi tulizoazima, na mbele kabisa tukatandika mikeka ya watoto. Tunaanza saa kumi, ili mwanga wa madirishani uwatoshe wanaosoma noti. Umeme ukikatika hakuna anayeshtuka.

Hakuna anayeshtuka kwa sababu hatutumii spika, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie leo. Unajua maisha ya huku. Harusi, kwanjula (sherehe ya kujitambulisha ukweni), mahubiri, kampeni, tangazo la sabuni sokoni, vyote hupitia kwenye masanduku ya spika yaliyopandishwa hadi darini, na mwisho unachosikia ni sanduku, si mtu. Wapo vijana wengi hapa mjini wanaopenda muziki kufa, wanajua nyimbo zote za redioni, ila hawajawahi kukaa karibu na chombo cha nyuzi kikilia chenyewe kwa mti wake. Kamati ilipokaa mara ya kwanza walikuwapo waliosema tukodi spika, la sivyo watu watatucheka. Nilipinga kwa nguvu zangu zote na mkutubi akaniunga mkono. Chumba hakichukui watu wengi kupita mia. Haydn, mtunzi wa zamani wa Austria, na wenzake hawakutunga kwateti za nyuzi, yaani muziki wa wapigaji wanne, kwa ajili ya uwanja wa mpira. Zilikuwa za kupigwa sebuleni, watu wakiwa karibu kiasi cha kuonana nyuso.

Siku ya kwanza walikuja wapigaji wanne: fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo, ya sauti nzito) na selo. Nilikaa kwenye mkeka na watoto, karibu na miguu ya mpiga selo. Kabla ya noti ya kwanza wote wanne walivuta pumzi kwa pamoja, na nikasikia kabisa manyoya ya upinde yakigusa uzi kabla sauti haijatoka. Binti mmoja aliyekuwa pembeni yangu aliweka kiganja sakafuni. Akaninong'oneza kwamba sakafu inalia. Nami nikaweka changu, na kweli, sauti ya selo ilikuwa ikishuka kwenye ule mguu wake wa chuma na kutembea ndani ya saruji mpaka mkononi. Shoga, mambo haya wewe umeyazoea tangu utoto, umelelewa chini ya fidla ya babu yako. Kwa yule binti yalikuwa mapya, na tangu siku hiyo hakosi, na huja na mdogo wake.

Siku hiyohiyo walipiga kwateti ya Dvořák, yule Mcheki aliyekwenda kufundisha New York. Aliiandika kiangazi cha 1893 katika kijiji cha Spillville, Iowa, walikohamia Wacheki wenzake, na rasimu nzima aliimaliza kwa siku tatu. Viola ndiyo inayoanza, na wimbo wake unatembea juu ya noti tano. Sasa sikiliza. Nyuma yangu alikaa mzee mmoja kutoka upande wa Kamuli, mpiga endingidi, ile fidla ya huku yenye uzi mmoja tu na ngozi iliyowambwa kwenye mdomo wa kijitungi cha mti. Alikuja mjini kwa shughuli zake, akaona watu wanaingia maktaba, akaingia. Viola ilipoanza alikaa mbele ya kiti chake na vidole vyake vya mkono wa kushoto vikaanza kucheza juu ya goti, vikitafuta zile noti. Nyimbo nyingi za Kisoga na Kiganda nazo hutembea juu ya noti tano, kwa hiyo mzee hakuwa mgeni pale hata dakika moja. Baada ya makofi alimwendea yule mpiga viola, akamuuliza upinde wake umepakwa nini. Wakasimama hapo wanaelezana habari za ulimbo, mmoja kwa Kisoga, mwingine kwa Kiganda, na Kiswahili changu kikisaidia palipokwama, hata tukasahau kwamba wenzao watatu wanasubiri taksi.

Mkutubi wetu huwa anasema maneno machache kabla ya kila onyesho, na mimi napenda anavyosema kwa sababu halazimishi mtu kupenda kitu. Siku ile alieleza kwamba Dvořák alipokuwa New York alikuwa na mwanafunzi Mweusi kwenye chuo alichokiongoza, Harry Burleigh, aliyekuwa akimwimbia nyimbo za wale waliokuwa watumwa, na kwamba Dvořák aliwaambia Wamarekani waziwazi kuwa muziki wao mkubwa utatoka kwenye nyimbo hizo. Nikatazama uso wa yule mzee. Sijui alilifikiria nini hilo, lakini alitikisa kichwa mara kadhaa.

Nisikudanganye kwamba kila kitu ni laini. Paa ni la mabati. Mvua ilitukuta katikati ya sehemu ya polepole, ile inayotaka utulivu kuliko zote, na ikapiga kwa kishindo hata mpiga fidla wa kwanza akawa hajisikii mwenyewe. Waliteremsha pinde, tukakaa. Hakuna aliyetoka. Watu walianza kuzungumza taratibu, watoto wakachukua vitabu kwenye rafu, na mvua ilipopungua wanamuziki wakatuni nyuzi upya, maana unyevu wa ziwa hulegeza kila kitu, wakarudia sehemu ile tangu mwanzo. Ilipigwa vizuri zaidi mara hiyo ya pili. Pia tuna shida ya piano: ya kuazima, imechoka, vitufe viwili vya chini havirudi juu, na fundi wa kuituni ni wa kumfuata Kampala. Ndiyo maana msimu huu tumeegemea nyuzi na pumzi.

Kuhusu pumzi, Jumamosi za jazi ndizo zinazojaza watu mpaka barazani. Saksafoni hapa si mgeni; Afrigo Band wapo tangu 1975, na Waganda wa rika zote wanamjua Moses Matovu na saksafoni yake. Tofauti ni kwamba watu wameizoea saksafoni ya kuchezea, na huku wanaikuta ya kukaa kitako na kusikiliza. Nilikuwa na hofu kwamba watachoka. Hawakuchoka, na nadhani naijua sababu. Busoga ina bigwala, tarumbeta za vibuyu virefu, tano au zaidi, za kupigwa kwenye shughuli za kifalme, na kila tarumbeta ina noti moja tu. Wimbo mzima hutengenezwa kwa kupokezana: wewe na noti yako, mimi na yangu, na asiyesikiliza wenzake anaharibu wimbo wa wote. UNESCO iliuingiza muziki huo mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, maana wanaoujua wamebaki wachache na wamezeeka. Basi watu waliokulia penye masikio ya namna hiyo, ukiwawekea besi, saksafoni na mpiga dramu anayetumia brashi, wanaona mara moja nani anamsikiliza nani. Kuna pahali mpiga besi aliachiwa peke yake, na wenzake wakamtazama wakingoja. Alipiga taratibu, akarudia kipande kimoja kidogo huku akikigeuza kila mara, na mama mmoja wa barazani akawa anaitikia kwa sauti mwisho wa kila kipande kama anavyoitikia msimulizi wa ngano. Hakuna aliyemnyamazisha, na mpiga besi akaanza kumwachia nafasi.

Wapo wanaosema maktaba ni ya vitabu, muziki upelekwe hotelini. Hili linanikera. Hotelini kuna mlinzi getini na bei ya soda inayomfukuza mwanafunzi. Tena wanaosema hivyo hawajui habari za maktaba. Maktaba ya Bunge la Marekani, kule Washington, ina ukumbi wa muziki tangu 1925, uliojengwa kwa fedha alizotoa mwanamke mmoja, Elizabeth Sprague Coolidge, mpiga piano aliyetaka kwateti zisikilizwe na watu bure. Miaka kumi baadaye mwanamke mwingine, Gertrude Clarke Whittall, akaipa maktaba hiyohiyo vyombo vitano vya Stradivari, yule fundi mashuhuri wa Italia: fidla tatu, viola na selo. Hakuvitoa vikae kabatini watu wavitazame, bali vipigwe. Humo ukumbini ndimo Jelly Roll Morton, mmoja wa wale waliouanzisha muziki wa jazi New Orleans, alipokalishwa kwenye piano mwaka 1938 akaeleza maisha yake huku anapiga, na yote yakarekodiwa. Na kanda ya magwiji wa jazi Thelonious Monk na John Coltrane wakipiga pamoja Carnegie Hall, ukumbi wa New York, mwaka 1957 ililala humo ndani ya maktaba bila mtu kujua, mpaka ilipogunduliwa mwaka 2005. Kama kusingekuwa na maktaba, muziki ule ungekuwa umepotea.

Sisi nasi tunazo zetu. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, alizunguka nchi hii akirekodi wapigaji wa miaka ya mwisho ya 1940 na ya mwanzo ya 1950, na nakala zake zimerudi Makerere. Nimewaomba wenzangu wa kamati kwamba msimu ujao Jumamosi moja tusiwe na mpigaji yeyote, tukae tusikilize sauti hizo, halafu wazee watuambie wanamtambua nani. Hapo nitakubali spika, lakini ndogo.

Sasa nije kwako. Jumamosi ya mwisho ya msimu iko wazi, kundi lililoahidi limepata safari. Nimekutaja wewe. Nimesema nina rafiki Unguja, mpiga fidla wa taarab, na mkutubi akaniuliza papo hapo kama unaweza kuja na mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha kulazwa mapajani. Najua utasema taarab si klasiki wala si jazi. Mimi nasema ni klasiki yetu. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi chenu cha taarab, wameanza 1905, na mwimbaji Siti binti Saad alikuwa akizijaza nyumba za watu kwa sauti yake kabla hajapanda meli kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Muziki ule ulizaliwa bila spika. Nataka watu wa hapa wausikie hivyo: wewe, kanuni, na mtu wa ngoma ya dumbaki kama atapatikana, basi. Keyboard usije nayo.

Nataka pia uwaonyeshe zile sauti zilizo katikati ya vitufe vya piano, uchukue rasti kisha bayati, zile maqamu (ngazi za sauti) za taarab, polepole, ukizieleza kwa kidole chako kwenye shingo ya fidla. Wanafunzi wa hapa wamefundishwa kwamba kidole kikikaa pale kimekosea. Yule mzee wa Kamuli nimeshampelekea habari, na amejibu kwamba atakuja na endingidi yake. Sitaki niwapangie mtafanya nini, ila nataka mkae kiti kwa kiti.

Malipo hakuna, nakuambia mapema. Nauli ya watu wawili tumeichangia, chakula na kulala ni kwangu. Ukishavuka Dar panda basi la Kampala linalopita Nairobi, na usiende mpaka mwisho wa safari, maana Jinja utaifikia kwanza; mwambie kondakta akushushe ukishavuka daraja la Naili... la, nimekosea upande: ukitokea Kenya unashuka kabla ya daraja, ukiona mto umepitiliza. Fidla ipakate mwenyewe, usikubali iwekwe kwenye buti. Na kama duka lile la Darajani bado linauza nyuzi, nichukulie seti mbili nitakulipa ukifika. Huku ule uzi mwembamba ukikatika mtu hukaa wiki nzima bila kupiga.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, ili programu ikachapwe. Mbusu mama kwa niaba yangu.

Shoga yako wa Jinja