Wasifu wa mzee usiwe barua ya kuomba kazi

Mhariri,

Sisi tunaoandaa wasifu wa marehemu na vijitabu vya ratiba ya mazishi tunaomba nafasi kwenye safu yako kwa jambo moja tu. Mzee anaishi miaka 90, analea watoto wake na wa nduguze, kisha siku ya kuzikwa inasomwa karatasi iliyofanana na barua ya kuomba kazi: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, aliugua, ameacha mjane, watoto 7 na wajukuu 22. Kazi aliyoifanya miaka mingi kuliko zote, ya kuwa baba, haimo.

Si kwamba hakupendwa. Wasifu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na kijana mmoja anayejua kutumia kompyuta, wakati wanaoijua habari yenyewe wamekaa mkekani nyumba ya pili. Kijana anashika kilicho karibu: kitambulisho, barua ya kustaafu na karatasi za hospitali. Ubaba hauna cheti, kwa hiyo hauingii.

Dawa yake ni saa mbili za kuuliza kabla ya kuandika. Anza na mjane, kama ana nguvu ya kuzungumza, halafu dada au mdogo wa marehemu. Kisha kaa na mtoto wa kwanza na kitindamimba, kila mmoja peke yake: wa kwanza alilelewa na kijana mwenye haraka, wa mwisho akalelewa na mtu mzima aliyetulia, na wasifu unawahitaji wote wawili. Jirani awe wa mwisho. Usiulize baba alikuwa mtu wa namna gani. Utajibiwa mkarimu, mcha Mungu, mpenda watu, maneno yanayofaa kusomwa juu ya kaburi lolote. Uliza aliamka saa ngapi. Uliza ada ya Januari ilitoka wapi na kiliuzwa nini. Mtoto akishikwa na homa usiku, nani alikesha naye? Mboga ikiwa haba, aligawaje? Hapo ndipo linapotajwa daftari la mistari lililokaa juu ya kabati, kila mtoto na ukurasa wake, risiti za ada zimebanwa kwa pini iliyoshika kutu, na ukurasa wa mtoto wa kaka yake marehemu una risiti nyingi kama za wanawe wa kuwazaa. Liandikeni daftari hilo. Mistari miwili yake inamtosha mzee kuliko aya nzima ya sifa.

Tarehe ndizo zinazotusumbua zaidi. Wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho ilikadiriwa siku ya kujiandikisha. Ukiona 1 Januari, ichunguze. Kwa Mkristo, kaombe kutazamiwa kitabu cha ubatizo, ila kisomwe vizuri: aliyebatizwa akiwa mkubwa ana mwaka wa ubatizo ulio mbali na wa kuzaliwa, na familia hukosea hapo mara kwa mara. Pasipo kitabu, tumieni matukio. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 alikuwa anachunga au ameshaoa? Azimio la Arusha la 1967 lilimkuta na mtoto gani mgongoni mwa mama? Vita ya Kagera ilipoanza 1978 nani alikuwa shuleni? Kwenye jamii zenye marika, jina la rika lake linaweza kuukaribia ukweli kuliko kitambulisho. Shaka ikibaki, andikeni "mwaka 1934 hivi", hakuna aibu. Na umri uhesabiwe hadi mwezi. Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alizaliwa 8 Mei 1925, akafariki 29 Februari 2024. Ukitoa mwaka kwa mwaka unapata 99, lakini alikuwa na miaka 98, maana Mei ilikuwa haijafika.

Orodha ya familia ndiyo inayoleta ugomvi msibani. Waandikwe watoto wote wa nyumba zote, kwa kufuatana walivyozaliwa, pamoja na waliotangulia mbele ya haki. Mama aliyezika mtoto wa miezi sita bado anamhesabu. Waliolelewa bila kuzaliwa naye wapewe sentensi yao, wasifichwe ndani ya "na wengineo". Tunaletewa "vilembwe 9" kumbe ni watoto wa wajukuu, yaani vitukuu. Kilembwe ni mtoto wa kitukuu. Idadi itolewe na mtu mmoja wa kila nyumba, kwa majina, kwa sababu idadi ya kukadiria kichwani huwaacha watoto walio mbali.

Ugonjwa upewe sentensi moja, na utajwe kwa jina familia ikiridhia. Miezi minne ya kulazwa haiwezi kuchukua nafasi kubwa kuliko miaka 60 ya ndoa.

Msomaji wa msibani husoma polepole, maneno kama 100 kwa dakika, na sauti itamkatika walau mara moja. Maneno 600 yanatosha. Nakala yake ichapwe upande mmoja wa karatasi, herufi za ukubwa wa 14, na aya isikatwe katikati ya kurasa mbili, maana hapo ndipo wasomaji wanapopotea. Kama anayesoma ni mtoto wa marehemu, awepo mtu wa pili karibu yake mwenye nakala. Kijitabu cha karatasi za A4 zilizokunjwa huenda kwa kurasa 4, 8 au 12. Zikifika 9, mtalipia 12. Picha ya zamani itolewe kwenye fremu, ipigwe dirishani pasipo jua la moja kwa moja wala mwanga wa kamera, kisha itumwe WhatsApp kama faili. Ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora, na ukiikuza ijaze jalada uso unakuwa ukungu.

Kwa Waislamu maziko hufanyika upesi, mara nyingi siku hiyohiyo, kwa hiyo maelezo ya maisha yake yanaweza kungoja hitima au arobaini. Lakini kuuliza kusingoje: shangazi aliyetoka mbali ataondoka keshokutwa.

Kwenu magazetini, nafasi ya tanzia inalipiwa, na watu wakibana maneno hukata yanayomhusu marehemu na kuacha "habari ziwafikie" yenye majina 15 ya watu na miji. Mnapopokea matangazo, waelezeni wateja kwamba ndugu hao siku hizi wanapata habari kwa simu kabla gazeti halijachapwa. Majina 10 yakitoka, mistari miwili juu ya baba huyo inapata pa kukaa.

Na baada ya mazishi, kabla ya kuanua matanga, wasifu upitishwe kwa wazee wote waliopo na kalamu ya risasi. Makosa yarekebishwe, uchapwe upya, na kila nyumba iondoke na nakala yake.

Waandaaji wa vijitabu vya mazishi,
Moshi