Albamu hizi za vitukuu na wajukuu zichambuliwe kwa Kiswahili

Mhariri,

Kurasa za burudani katika magazeti yetu huzungumzia zaidi wimbo mmoja mmoja unaovuma pamoja na ugomvi wa wasanii, ilhali albamu nzima, ambayo msanii ameipanga tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, mara nyingi haipati hata aya moja. Naomba nafasi nizungumzie albamu tatu za miaka ya karibuni, ambazo hazifanani hata kidogo kwa mahadhi, lakini zote zimetolewa na watu wa uzao wa wakongwe wetu.

Siti of Unguja ya mwaka 2020 ni ya Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, yule aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Mahadhi ni ya taarabu ya zamani, ila midundo ya kielektroniki imepitishwa chini yake kwa adabu, na sauti ya mwimbaji haina haraka kamwe. Lawama yangu ni moja: pana mahali ambapo mwangwi umezidishwa hadi maneno yakafunikwa, na katika taarabu maneno ndiyo mali yenyewe.

Iliyonigusa zaidi ni Natur ya mwaka 2024, kazi ya KMRU, ambaye jina lake halisi ni Joseph Kamaru, mjukuu na wajina wa Joseph Kamaru, nguli wa benga ya Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Humu hamna kuimba wala gitaa. Ni kipande kimoja cha zaidi ya dakika 50, kilichojengwa kutokana na mawimbi ya sumakuumeme, yaani mvumo wa nyaya na mitambo ambao sikio haliunasi bila kifaa maalumu. Kijana huyu alihama Nairobi akaenda kuishi Berlin, na tofauti ya usiku wa miji hiyo miwili ndiyo iliyomchochea. Shabiki wa benga atauliza muziki uko wapi. Lakini babu aliyaimba maadili na siasa za watu wake kwa sababu alikuwa msikivu, na naamini usikivu huo ndio alioachiwa mjukuu. Sisi tulioizoea Nairobi yenye jenereta na matatu tunaisikia albamu hii kwa namna ambayo mgeni hawezi.

The Adept ya Lord Spikeheart, msanii wa Kenya, nayo ya mwaka 2024, ni metali nzito iliyochanganywa na kelele za kielektroniki. Wageni walioalikwa ni wengi mno, na hilo linaipunguzia umoja. Hata hivyo ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, Fildi Mashali wa Mau Mau, ambaye msanii huyu ni kitukuu chake, na mzazi anayedhani mngurumo ule ni ushetani angefaa kuijua nasaba hiyo kabla ya kuhukumu.

Uchambuzi wa kina wa albamu hizi nimeusoma kwa Kiingereza tu, tena katika vyombo vya Ulaya. Naomba gazeti hili litenge safu moja kila wiki, mwandishi wake aisikilize albamu nzima, awataje wapigaji ala, na aseme bila woga palipopwaya.

Mpenzi wa muziki,
Buruburu, Nairobi