Maduka ya zamani ya Jinja yasibomolewe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu nyumba kongwe za Main Street hapa Jinja. Wengi wanaziita magofu. Mimi nimepanga chumba katika mojawapo, na naona zilijengwa kwa akili: duka mbele, baraza lenye nguzo la kumkinga mpita njia na jua na mvua, familia nyuma au ghorofani, ua katikati.

Nyingi zilijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kabla bwawa la umeme la Owen Falls, hapa Jinja, halijafunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, nyumba zikaingia mikononi mwa watu wengine, na kila aliyeingia akazibadilisha kidogo. Kwetu, duka moja limekatwa kwa mbao likawa vyumba vitatu: fundi cherehani, wakala wa pesa za simu, muuza vipuri vya bodaboda. Mlango wa kale umezibwa kwa matofali, mwingine umetobolewa kando yake. Alama ya bawaba bado inaonekana ukutani. Uani, palipokuwa pa kuanikia nguo, mama mmoja anapika matoke.

Jengo kama hili likibomolewa ili ghorofa la vioo lisimame, fundi mwenye cherehani moja atapanga wapi? Jinja ni jiji tangu 2020, na jiji lazima likue, nakubali. Basi wenye nyumba waruhusiwe kujenga juu kwa upande wa uani, baraza la mbele libaki.

Mpangaji,
Jinja