Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Dhoruba za Sumaku na Chupa Yetu ya Wete

Assalamu alaykum ndugu wanachama,

Nianze na linaloniuma. Ijumaa ya tarehe 10 Mei, kiasi cha saa 2 usiku, watu wameshasali Isha na wengine wako kwenye chakula, wingu kubwa lililotoka kwenye jua liliipiga dunia na kuanzisha dhoruba ya sumaku, yaani mtikisiko wa sumaku ya dunia, ambayo mfano wake haukuwa umeonekana tangu 2003. Sisi, chama kilichoanzishwa ili kuangalia mambo kama hayo, hatukupima kitu. Chupa yetu ilikuwa ndani ya boksi. Tuliifunga wiki moja nyuma tulipotangaziwa kimbunga Hidaya, na kimbunga kilipopita hakuna aliyeifungua. Kuhimiza ilikuwa kazi yangu, sikuifanya, na nawaomba radhi.

Kwa wanachama wapya: chupa tunayoisema ni chupa ya mdomo mpana. Ndani yake kuna kipande cha sumaku kinachoning'inia kwa uzi mmoja mwembamba, na juu ya sumaku tumegandisha kioo kidogo kama ukucha. Taa ya leza inapiga kwenye kioo, mwanga unarudi ukutani, mita tatu kutoka hapo, na ukutani tumebandika rula. Sumaku ikigeuka kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, doa la mwanga linasogea milimita nzima. Kifaa duni, lakini kinasema kweli kikitunzwa.

Jumapili iliyofuata, tarehe 12 Mei, intaneti ikazorota nchi nzima na simu yangu haikupumzika. Kila aliyepiga aliuliza kama ni jua. Wawili watatu wa mwanzo niliwajibu kuwa huenda ikawa hivyo, na hapo nilikosea. Kilichotokea ni kwamba nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini. Nawaomba mliosambaza jibu langu la kwanza mlisambaze na hili. Chama kama chetu kikishasema jambo lisilo la kweli mara moja, siku ya kusema kweli hakitasikilizwa.

Sasa nijibu suala tuliloulizwa barazani mwaka mzima: watu wa Pemba, nyuzi 5 kusini ya ikweta, wanatafuta nini kwenye ncha za dunia?

Mistari ya sumaku ya dunia hujikusanya kwenye ncha mbili, na upande wetu inalala kuliko kusimama. Nguvu inayotokana na upepo wa jua, yaani chembe za umeme zinazovuma kutoka kwenye jua, hufuata mistari hiyo na kuteremka kwenye ncha kama maji yanavyofuata mtaro. Mikondo ya umeme hushuka upande mmoja, ikakata anga kiasi cha kilomita 100 juu ya ardhi, ikapanda tena upande wa pili. Mkondo wote ukijumlishwa hufika ampea milioni na zaidi. Ile nuru ya kijani na nyekundu wanayoiona watu wa Norwei na Kanada, wenyewe wanaiita aurora, huwaka pale chembe za umeme zinapoipiga hewa ya huko juu.

Wa mwanzo kusema kuwa mikondo hiyo inashuka kutoka juu alikuwa Mnorwei, Kristian Birkeland. Mwaka 1902 alipeleka watu kwenye vituo vinne vya baridi kali, Norwei, Aisilandi, Svalbard na Novaya Zemlya, wakapima sumaku majira yote ya baridi. Wakubwa wa fani hiyo walimkatalia. Miaka yake ya mwisho aliishi hapa hapa Afrika, Helwan nchini Misri, na akafariki mwaka 1917 bila ya kuthibitishiwa. Ilibidi isubiriwe setilaiti ya jeshi la majini la Marekani, iliyorushwa 1963, ipite juu ya ncha na kukuta sumaku inayumba pale pale alipotabiri. Ukiwa ardhini huwezi kujua kwa yakini kama mkondo unaousoma unapita kwa ubavu tu au unashuka kutoka juu. Lazima uende ukapime ndani yake.

Kazi hiyo leo inafanywa na setilaiti tatu za Ulaya zinazoitwa Swarm, zilizorushwa tarehe 22 Novemba 2013. Mbili zinakwenda bega kwa bega, ya tatu iko juu zaidi. Kipimasumaku kimewekwa kwenye mlingoti mrefu unaotoka nyuma ya chombo, ili vyuma na umeme wa chombo chenyewe visiharibu hesabu. Kila mtu aliyewahi kuweka dira karibu na mashine ya boti anajua kwa nini. Zile mbili za chini ni kama ngalawa mbili zinazovuka mkondo pamoja: zikisoma tofauti, unajua baina yao kuna kinachopita, na kwa hesabu unajua ni kiasi gani na kinaelekea wapi. Kila moja huizunguka dunia kama mara 15 kwa siku na kila mzunguko hukata ncha zote mbili, huku dunia ikigeuka chini yake. Kwa hiyo Pemba nayo inapitiwa. Data zake ni bure kwa yeyote mwenye kompyuta.

Na yanayotokea kule hayaishii kule. Mikondo ile inaipasha moto hewa ya juu, hewa inatanuka, na vyombo vilivyo chini vinakwama kama mashua kwenye majani ya bahari. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za intaneti za Starlink, na dhoruba isiyokuwa kubwa ikaangusha 38. Usiku wa Mei niliousema, sumaku kwenye maeneo yaliyo karibu na ikweta ilipungua zaidi ya nanotesla 400 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Yetu hapa ni elfu thelathini na kidogo, kwa hiyo ni kama sehemu moja katika mia. Dira ya nahodha haitikisiki kwa hilo. Chupa ingetikisika.

Nimefurahi kwamba nina la pili la kusimulia. Alkhamisi ya tarehe 10 Oktoba, karibu na magharibi, dhoruba nyengine kubwa iliingia, na safari hii chupa ilikuwa mahali pake. Mwanachama wetu mmoja, mwanafunzi wa sekondari hapo Wete, alikaa na daftari la mraba, na kila baada ya robo saa akaandika doa liko wapi. Ninalo hapa. Saa 12:15, milimita 41. Saa 12:30, 43. Saa 1:15 amekata mstari na kuandika pembeni kwa penseli, "pikipiki imesimama mlangoni, isihesabiwe." Hadi saa 3 doa lilikuwa limefika 47, na siku za kawaida saa kama hizo halisogei hata milimita mbili. Tulipoziweka kurasa zake karibu na michoro ya Swarm ya jioni ile, mistari ya ncha ya kaskazini ilikuwa imechanika vibaya. Lile neno "isihesabiwe" ndilo lililonipa moyo kuliko namba zote.

Wapo watakaosema data za watoto na chupa hazina pa kwenda. Utepe wa nuru ya zambarau unaoitwa Steve uliletwa mbele ya wataalamu na wapiga picha wa kawaida wa Kanada. Swarm ilipokatiza ndani yake, ilikuta joto limepanda kwa nyuzi 3,000 katika ukanda wa kilomita 25 tu. Bila ya wale waliokesha nje, hakuna ambaye angejua pa kutafuta.

Visiwa vyetu si vigeni kwa kazi hii. John Glenn, mwanaanga wa Marekani, alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Tunguu, Unguja, kilikuwa miongoni mwa vilivyozungumza naye. Kilifungwa 1964. Katibu anaendelea kurekodi kumbukumbu za wazee wa Tunguu, na naomba asaidiwe nauli ya boti.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Chumba tulichoomba tumeambiwa tusubiri, na bado tunasubiri.

Mwezi huohuo wa Oktoba wataalamu wa Marekani walitangaza kuwa jua limeingia kwenye kilele chake, na dhoruba huwa nyingi zaidi karibu na Machi na Septemba. Machi ya 2025 ni Ramadhani. Daftari la zamu liko kwa Katibu: kabla ya futari pameshajaa, baada ya tarawehe hadi daku bado ni wazi.